Farmasi Lubumbashi baada ya sheria ya 2018: karatasi za mtu, za nyumba na za dawa

Farmasi nyingi zinazofungwa Lubumbashi, mji wa kusini mwa Kongo (RDC), hazifungwi kwa kukosa karatasi kabisa. Zinafungwa kwa sababu mwenyewe ana karatasi moja na anaamini kwamba inatosha kwa yote. Mmoja ana patente (leseni ya biashara ndogo) ya komini, mwingine ana RCCM (usajili wa biashara), mwingine ameweka ukutani diploma ya mfamasia ambaye wateja hawajawahi kumwona. Ruhusa ziko tatu, na hakuna inayofunika nyingine: ruhusa ya mtu kufanya kazi ya ufamasia, ruhusa ya nyumba kuwa farmasi, na ruhusa ya kila dawa kuuzwa nchini. Zifuate kwa mpangilio huo. Anayeanza na nyumba kabla ya mtu analipa pango la miezi mingi bure, halafu vyeti vyake vinapitwa na wakati naye anavitafuta upya.

Sheria zilizobadilika, na maana yake kwako

Kwa miaka mingi msingi ulikuwa ordonnance (amri ya serikali) ya 15 Machi 1933 kuhusu kazi ya farmasi, pamoja na décret (agizo la serikali) ya 19 Machi 1952 kuhusu kazi ya kutibu. Mwaka 1991 ikaja ordonnance-loi (amri yenye nguvu ya sheria) iliyounda Ordre ya Wafamasia, yaani baraza la taaluma. Tangu hapo diploma inaonyesha kwamba umesoma, lakini haikupi haki ya kufanya kazi mpaka uandikwe kwenye Ordre.

Tarehe 13 Desemba 2018 ikatoka loi (sheria) n° 18/035 inayoweka misingi ya mpangilio wa afya ya umma. Hiyo ndiyo ya kusoma kwanza, yote, na kuweka nakala yake chini ya kaunta. Mwaka 2020 décret ikaunda ACOREP, mamlaka ya nchi inayosimamia dawa, ikachukua kazi zilizokuwa za Direction de la Pharmacie et du Médicament ndani ya wizara. Tarehe 3 Machi 2023 ordonnance-loi n° 23/006 ikarekebisha na kukamilisha sheria ya 2018, hasa ili mpango wa afya kwa wote upate njia ya kutekelezwa. Ukipewa nakala ya sheria ya 2018 isiyo na marekebisho ya 2023, umepewa nusu. Omba zote mbili na uzisome pamoja.

Jambo jingine linaleta ugomvi kila mara: nani ana neno la mwisho, Kinshasa au jimbo? Katiba ya 2006 inaweka utungaji wa sheria za kazi ya mfamasia na za biashara ya dawa mikononi mwa serikali kuu. Jimbo la Haut-Katanga linatekeleza na kukagua kupitia Division Provinciale de la Santé (DPS) na Inspection Provinciale de la Santé (IPS), na lina kodi zake. Haliwezi kuamua kwamba mtu asiye mfamasia ni mfamasia. Barua ya ofisi ya jimbo inayosema "anaruhusiwa kuendelea wakati dosye inasubiriwa" (dosye ni faili la maombi) ina manufaa yake mbele ya polisi wa kartye (mtaa), lakini haichukui nafasi ya ruhusa yenyewe. Ukipewa barua kama hiyo, angalia ina tarehe ya mwisho. Kama haina, omba iandikwe.

Karatasi za mtu

Anza na jina. Linganisha diploma, kadi ya mpiga kura na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Jina la baba lililorukwa, "y" iliyogeuka "i", majina mawili yaliyopinduliwa: hayo husimamisha dosye kuliko kosa lolote la taaluma, na masahihisho yake yanakwenda taratibu sana. Yamalize kabla ya kuweka tampo (muhuri) yoyote.

Kama ulisoma UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), Université Officielle de Bukavu au chuo kingine cha nchini kinachotambuliwa, utahitaji nakala ya diploma iliyothibitishwa na karatasi za alama. Kama ulisoma Zambia, Afrika Kusini, India au kwingine, kabla ya yote utahitaji équivalence (cheti kwamba diploma yako ni sawa na ya nchini) kutoka wizara ya elimu ya juu (ESU). Usijaribu kujiandikisha kwenye Ordre na barua ya kuonyesha kwamba équivalence "iko njiani". Diploma ya Kiingereza itafsiriwe na mtafsiri aliyeapa, na tafsiri ibanwe pamoja na nakala, si peke yake.

Halafu kusanya barua ya maombi, maelezo ya masomo na kazi, picha za pasipoti, casier judiciaire (rekodi ya makosa ya jinai), cheti cha mwenendo mwema na cheti cha afya ya mwili. Hivi vitatu vya mwisho vina maisha mafupi, kwa hiyo vitafute mwishoni, wakati mengine yote yamekwisha kuwa kwenye faili. Wengi wanaanza navyo kwa sababu ni rahisi kuvipata, na siku dosye inapokamilika vimeshakuwa vya zamani.

Peleka dosye kwenye halmashauri ya Ordre ya jimbo utakakofanya kazi. Aliyeandikwa Kinshasa na anahamia Lubumbashi aifahamishe halmashauri ya Haut-Katanga na apange uhamisho wake. Asifanye kazi hapa kwa kadi ya kule. Weka faili lenye risiti za mchango wa kila mwaka. Mfamasia aliyeandikwa lakini hana risiti ya mwaka huu hujikuta kwenye ukaguzi akijieleza kama mgeni.

Sasa kuhusu asistanti wa farmasi, wale wa ISTM (chuo cha ufundi wa tiba) na wa shule za ufundi wa afya. Hao ndio mikono ya farmasi, na wengi wanajua kaunta kuliko mtu yeyote. Lakini diploma yao ni ya kusaidia chini ya uangalizi wa mfamasia. Haiwapi haki ya kubeba jukumu la officine (farmasi inayouzia wagonjwa), na muuguzi pia hana haki hiyo. Ukimwacha asistanti peke yake kutwa nzima kwa miezi, umemtwika kosa ambalo si lake.

Kukodisha diploma

Hili tunalisema wazi kwa sababu linaharibu taaluma yetu kuliko wauzaji wa barabarani. Mwenye mtaji anamtafuta mfamasia, anampa kitu kila mwezi, diploma inawekwa ukutani, mfamasia haonekani. Mfamasia anadhani ameuza karatasi. Kwa kweli amechukua jukumu la kila kidonge kinachotoka pale, na mgonjwa akidhurika, jina linalotafutwa ni la kwenye ukuta.

Mwenye mtaji na mfamasia waandike mkataba wenye mambo haya: saa za mfamasia kuwapo, siku kwa siku, nani anamshikilia nafasi akiugua au akisafiri, naye awe mfamasia, kwamba mfamasia mwenye jukumu peke yake ndiye anayeamua dawa gani inunuliwe na wapi, kwamba ana haki ya kukataa kuuza, na kwamba akiondoka atawajulisha Ordre na IPS kwa maandishi. Kipengele cha ununuzi ndicho wenye mitaji wanachokataa. Wakikikataa, usitie sahihi. Mfamasia asiyechagua chanzo cha dawa hawezi kuzijibia.

Karatasi za nyumba

Upande wa biashara ni mwepesi: guichet unique (ofisi moja ya kusajili biashara) kwa ajili ya RCCM (Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi za Afrika, tangu 2012), kitambulisho cha taifa cha biashara, na namba ya kodi. Hizo zinakufanya mfanyabiashara. Hazikupi ruhusa ya kugusa dawa, na patente ya komini ndiyo kabisa haikupi.

Upande wa afya, peleka maombi pamoja na karatasi za mfamasia, mkataba wake, mkataba wa pango au hati ya nyumba, mchoro wa vyumba wenye vipimo, na ramani ndogo inayoonyesha barabara na farmasi za jirani. Uliza ofisi ikupe kwa maandishi orodha ya vitu na ada za mwaka huo kabla ya kulipa chochote. Malipo ya serikali yanapitia note de perception (hati rasmi ya kulipia) na benki: DGRAD kwa za taifa, DRHKAT kwa za jimbo. Anayekuomba pesa mkononi, hata akiwa na tampo, hakupi risiti utakayoweza kuionyesha kesho.

Chagua tangu mwanzo unafungua nini. Officine inauzia wagonjwa. Depo ya jumla inauzia farmasi na hospitali, na mwenye kuagiza kutoka nje ana ruhusa nyingine tena. Officine inayouza katoni kwa wauzaji wa komini za Kenya na Katuba imekuwa depo bila ruhusa, hata kama kibao cha nje hakijabadilika.

Mkaguzi atakuja kabla ya ruhusa. Anachotazama kwanza si rangi ya ukuta. Anatazama sakafu inayoweza kuoshwa, dari (mabati matupu Lubumbashi mwezi wa Oktoba yanapika dawa), maji ya kunawa, choo kisichofungukia stoki, na sehemu ya mfamasia kuzungumza na mgonjwa bila foleni kusikia. Katoni zisimame juu ya mbao, 10 cm kutoka sakafuni na 30 cm kutoka ukutani, na zisipite mita 2.5 kwenda juu. Nafasi ile ya ukutani inaonekana ni hasara mpaka mvua za Desemba zianze na ukuta uanze kutoa maji.

Frigo ndiyo inayoangusha wengi. Insulini na oksitosini zinakaa kati ya 2 na 8 °C. Weka kipimajoto kinachoonyesha kiwango cha juu na cha chini, katikati ya frigo. Mlangoni kitakudanganya, na karibu na sehemu ya barafu kitakudanganya kwa upande mwingine. Soma asubuhi na jioni, andika namba na sahihi, halafu rudisha kumbukumbu ya kipimajoto mwanzo. Usipoirudisha, joto la jana litaonekana kama la leo. Insulini isiguse ukuta wa nyuma: ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Jaza nafasi tupu za frigo na chupa za maji, zinashika baridi SNEL (shirika la umeme) inapokata. Umeme ukikatika, usifungue mlango, na andika saa ya kukatika na ya kurudi. Daftari lenye 5 °C kila siku, asubuhi na jioni, mwaka mzima, halimdanganyi mkaguzi yeyote anayeishi katika mji huu.

Karatasi za dawa

Kila dawa inahitaji AMM, ruhusa ya kuuzwa nchini, inayotolewa na ACOREP. Kusajiliwa Zambia kwa ZAMRA au Tanzania kwa TMDA, mamlaka za dawa za nchi hizo, hakuipi dawa haki ya kuuzwa Kongo. Dawa iliyovuka mpaka wa Kasumbalesa ndani ya mfuko wa abiria inaweza kuwa nzuri kabisa kiwandani kwake, na bado hapa haina karatasi, haina aliyejibia joto la njiani, na haina wa kuirudisha ikionekana mbovu. Karatasi ya maelezo ya Kiingereza peke yake ni ishara ya kwanza. Ya pili ni bei iliyo chini ya ile ya depo zote.

Nunua kwa depo yenye ruhusa na udai faktire (ankara) inayoandika jina la dawa, kipimo, namba ya loti, tarehe ya kuisha na kiasi. Kwa dawa muhimu, vituo vya afya vinategemea vituo vya ugavi vya kanda: CAMELU hapa Lubumbashi, ASRAMES Goma, DCMP ya 8e CEPAC Bukavu. Faktire isiyo na namba ya loti irudishe palepale. Kati ya mwisho wa 2014 na 2015, upande wa Ituri, watu zaidi ya elfu moja walipata mkazo wa ghafla wa shingo, uso na ulimi. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba vidonge vilivyoandikwa diazepamu vilikuwa na haloperidoli. Katika hali hiyo namba ya loti ndiyo inayokuwezesha kujua umemuuzia nani na kwa siku gani. Bila hiyo unabaki kungoja wagonjwa waje wenyewe.

Mipaka ya kazi kwenye kaunta

Mfamasia anatoa dawa, anahakiki ordonansi (karatasi ya daktari ya kuandikia dawa), anatengeneza michanganyiko, anashauri, anaripoti madhara. Hapimi ugonjwa na kuandika matibabu, hatundiki serumu (dripu), hana kitanda chumba cha nyuma. Kile kitanda ndicho kinachogeuza farmasi kuwa zahanati isiyo na ruhusa, na ndicho sababu rahisi zaidi ya kufungiwa. Kama una nafasi kubwa na muuguzi mzuri, fungueni kituo cha afya kwa dosye yake, mlango wake na jukumu lake.

Kubadilisha chapa kwa chapa kunaeleweka pale kiini, kipimo na umbo ni vilevile. Amoksisilini 500 mg ya kapsuli kwa amoksisilini 500 mg ya kapsuli, sawa. Ukitoka kapsuli kwenda siropu, au 500 kwenda 250, umebadilisha matibabu: mpigie aliyeandika, kisha andika nyuma ya ordonansi jina lake, saa na alichokubali. Namba ya simu isiyosomeka kwenye ordonansi si ruhusa ya kukisia.

Jambo linaloumiza zaidi ni nusu dozi. Mteja ana franka chache, anaomba "vidonge vya malaria vya leo". Artemetha-lumefantrini ya 20/120 mg kwa mwenye kilo 35 na zaidi ni vidonge 4 kila mara, mara 6 ndani ya siku 3: jumla 24. Dozi ya pili inafuata saa 8 baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta. Ukiuza vidonge 8 umempa nafuu ya siku mbili na ugonjwa unaorudi. Mwulize kwanza kama amepimwa. Akiwa hajapimwa, mwelekeze kituo cha afya, kipimo cha haraka kinagharimu kidogo kuliko dozi isiyohitajika. Akiwa amepimwa na pesa haitoshi, tafuta chapa ya bei ya chini yenye AMM na umpe dozi kamili, au mwandikie deni. Kukata dozi ni kosa la kitaaluma, hata likifanywa kwa huruma.

Dawa za kulevya na za akili (morfini, pethidini, fentanili, diazepamu, fenobarbitali) zinakaa kwenye kabati lenye ufunguo, na ufunguo unakaa kwa mfamasia. Rejista yake iwe ya kurasa zenye namba, isiyochanwa: tarehe, jina la mgonjwa, aliyeandika, kiasi kilichotoka, kilichobaki. Kosa la kuandika lipigiwe mstari mmoja na sahihi, lisifutwe kwa rangi nyeupe. Hesabu kila Jumamosi. Tofauti ya kidonge kimoja wiki hii inaelezeka, ya vidonge 60 baada ya mwaka haielezeki. Tramadoli itunze kwa ukali uleule. Vijana wanaoiulizia jioni unawajua kwa sura.

Siku ya ukaguzi

Omba ordre de mission (barua inayomtuma mkaguzi), soma majina na tarehe, andika kwenye daftari la wageni. Mpe mkaguzi faili moja lenye karatasi za mtu, za nyumba, na faktire za miezi ya karibuni kwa mpangilio wa tarehe. Dawa zilizoisha ziwe tayari zimetengwa kwenye boksi lililoandikwa, pamoja na orodha ya jina, loti na kiasi. Zikikutwa kwenye rafu pamoja na nyingine, hakuna maelezo yatakayokuokoa. Uharibifu wake unafanywa mbele ya wakaguzi na kuandikiwa procès-verbal (taarifa rasmi ya ukaguzi). Kuzitupa mtoni au kwenye jalala la kartye kunawapa wengine nafasi ya kuziokota na kuziuza.

Soma procès-verbal kabla ya kutia sahihi. Usipokubaliana na jambo, andika pingamizi lako palepale juu ya sahihi, kwa mistari miwili au mitatu. Omba nakala. Dawa zikichukuliwa, orodha yake ionyeshe kiasi na loti, si "katoni mbili za dawa mbalimbali".

Yanayolazimu kutoa taarifa

Kuhama nyumba, hata mtaa uleule, kunahitaji ruhusa mpya, kwa sababu ile ya zamani ilitolewa kwa nyumba ile baada ya kukaguliwa. Kubadilisha mfamasia kunahitaji barua mbili: ya anayeondoka na ya anayeingia. Siku ya makabidhiano wote wawili wahesabu kabati la dawa za kulevya pamoja, waandike kilichopo kwenye rejista, watie sahihi kwenye mstari mmoja, na ufunguo ubadilishe mikono hapohapo. Mfamasia asiingie kazini Jumatatu wakati mwenzake aliondoka Ijumaa bila hesabu hiyo. Akikubali, upungufu wote utakaoonekana baadaye ni wake.